Muulize Fundi: Umeeleza nukta, hukueleza laini

Toleo hili nimeweka kando barua za betri zilizovimba na chaji zisizoshika. Tatu kati ya nilizochagua zinahusu simu zilizochukuliwa na wenye vidole vyepesi, na ya nne inahusu simu iliyojificha yenyewe. Nimezijibu nikiwa mezani pangu hapa Luthuli, bisibisi mkono mmoja, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka.

Dada Fundi, salamu kutoka Kenyatta Market ambako mimi husuka nywele. Alhamisi jioni nilikuwa kwenye matatu, kiti cha dirishani, tumekwama kwenye foleni karibu na Muthurwa. Nilikuwa namjibu mteja WhatsApp, mkono ukaingia dirishani na simu ikaenda ikiwa wazi. Ni Samsung niliyonunua KSh 24,000, haijamaliza mwaka. Kufika nyumbani binamu yangu aliniingizia akaunti kwenye simu yake, tukaona kwenye ramani nukta ya simu iko mtaa wa Pipeline, kwenye magorofa. Ijumaa asubuhi ikawa inasema simu ilionekana mara ya mwisho saa tano usiku. Jumamosi nikaletewa kijana anayesema kwa KSh 3,000 ataitafuta kwa IMEI, ile nambari ya kuitambulisha simu. Binamu naye anasema twende Pipeline tukabishe hodi. Nimfuate yupi? — Msusi, Kenyatta Market

Usimfuate yeyote kati ya hao wawili. Na pole sana, dada.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno moja, sikuliona: laini. Umenieleza bei ya simu, nukta ilipo, hata saa. Hukuniambia kama laini yako ilifungwa. Kama bado, weka jarida hili chini, azima simu yoyote yenye laini ya Safaricom, piga 100, uwaambie laini imeibwa, wazuie laini na M-Pesa pia. Watakuuliza nambari ya kitambulisho na maswali mengine ya kuhakikisha ni wewe. Ukimaliza, rudi tuendelee.

Nasema hivyo kwa sababu simu iliyonyakuliwa ikiwa wazi haiendi peke yake. Aliyeishika anasoma meseji zako za M-Pesa na kujua una salio gani. Anaweza kuwaandikia wateja wako kwa jina lako, "nitumie elfu mbili nimekwama hospitalini," nao wakatuma, maana wanakuamini vichwa vyao. Na kama ulipiga picha kitambulisho chako ikabaki humo kwenye picha, umemwachia na ufunguo. Nambari ya siri ya M-Pesa inamzuia, sawa, ila wengi wetu tumeweka mwaka wa kuzaliwa, na mwaka wa kuzaliwa umeandikwa kwenye kitambulisho hicho hicho. Wala usijifariji kwamba salio lilikuwa mia mbili. Kuna mikopo ya Fuliza, kuna ya M-Shwari. Mtu anaweza kuondoka na pesa ambazo hukuwa nazo, deni likabaki lako.

Hapa ndipo penye utata, na mafundi wenyewe hatukubaliani. Ukifunga laini, simu inapoteza data. Ikikosa data, na hakuna waifai inayoijua hapo karibu, amri utakayoituma kutoka mbali haiifikii. Ukishughulika na ramani kwanza ukaiacha laini, unampa mwizi muda wa kuchezea pesa. Mimi hufanya hesabu hii: ukiwa na mtu pembeni mwenye intaneti, na nenosiri lako unalikumbuka bila kukuna kichwa, dakika tatu za kwanza zitumie kuifunga simu, kisha piga 100 papo hapo. Ukianza kubahatisha nenosiri mara ya pili, achana na ramani, funga laini. Fundi wa meza ya pili anasema laini kwanza kila mara, hana mjadala. Tumebishana naye mwaka mzima.

Kuifunga ni hivi. Kwenye simu ya mwenzako fungua ukurasa wa android.com/find na uingie kwa barua pepe ile ile iliyokuwa kwenye simu yako. Huduma hiyo ya Google iliitwa Find My Device kwa miaka mingi. Tangu 2025 inaitwa Find Hub, kwa hiyo jina lisikubabaishe. Utaona ramani, asilimia ya betri na mara ya mwisho simu ilipoonekana. Gusa sehemu ya kuilinda au kuitangaza imepotea. Usiguse ya kuifuta. Ukiilinda, skrini inajifunga, unaweza kuweka ujumbe na nambari ya kupigiwa, na ramani inaendelea kufanya kazi. Ukiifuta, kila kitu chako kinaondoka na ramani nayo inaondoka, hutaiona tena simu hiyo. Kufuta kuache hadi utakapoona kuwa siri zilizomo ni ghali kuliko simu yenyewe. Hata hivyo kama uliweka kadi ya kumbukumbu, picha zilizo kwenye kadi zinaweza kubaki. Simu ikiwa imezimwa, amri inasubiri, na itatekelezwa siku itakapowashwa na kupata mtandao.

Kosa moja linawapata wengi: kwa hasira mtu anaingia kwenye akaunti yake na kuiondoa simu iliyoibwa kwenye orodha ya vifaa. Akishaiondoa, kamba imekatika. Funga simu kwanza, badilisha nenosiri baadaye. Ukimaliza, toka kwenye akaunti uliyofungua kwa simu ya watu. Nimewahi kukuta barua pepe ya mtu iko wazi kwenye kompyuta ya saiba, Ronald Ngala, na mwenyewe yuko Kitui.

Tuje Pipeline. Nukta ile imezungukwa na duara, sijui kama mliliangalia. Duara ndilo lenye ukweli. Linakuambia simu iko mahali fulani humo ndani, na kwa mtaa wenye nyumba zilizobanana vile, duara dogo tu linameza magorofa manne. Ndani ya zege setilaiti hazionekani vizuri, simu inakadiria kwa waifai na minara, na makadirio yanaweza kukosea kwa mamia ya mita. Tena ramani haina ghorofa. Haikwambii ya pili au ya saba.

Mteja wangu mmoja alikwenda. Alikuwa na rafiki zake wanne, wakagonga mlango Huruma, akafungua baba aliyekuwa anapika ugali na wanawe. Wakaanza kelele, na neno likaruka hewani, lile neno: mwizi. Wewe ni wa Nairobi, unajua likishatoka linakwenda wapi. Yule baba aliokolewa na mwenye nyumba aliyemjua miaka kumi. Simu haikuwa humo. Ilikuwa imeuzwa siku hiyo hiyo, na ile nukta waliyoifuata ilikuwa ya asubuhi. Mteja wangu hajawahi kunisimulia hadithi hiyo bila kuangalia chini.

Kwa hiyo piga picha ya ramani ikiwa na saa yake, nenda kituo cha polisi kilicho karibu na mahali ulipoibiwa, andikisha kwenye kitabu cha matukio na usitoke bila nambari ya OB. Omba pia abstrakti, ile hati ya polisi ya kuonyesha umeripoti. Beba IMEI, zile tarakimu 15. Ziko kwenye boksi la simu, na kama boksi ulilitupa, zitazame kwenye maelezo ya simu yako humo humo kwenye Find Hub. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, peleka zote. Kama nukta bado inasonga, waambie askari waende nayo. Watakwenda? Siku nyingine ndiyo, siku nyingine utaambiwa urudi Jumatatu. Rudi Jumatatu.

Kuhusu kijana wa elfu tatu. IMEI haina dira ndani yake. Ni kama nambari ya chesisi ya gari: inaitambulisha simu, haikwambii iko wapi. Anayeweza kuona IMEI fulani imeingizwa laini gani ni kampuni ya mtandao, na kampuni hiyo inajibu maombi ya wapelelezi wa polisi, haijibu mtu mwenye kompyuta mapajani na kikombe cha chai. Atakachofanya ni kukutumia ramani ya uongo na kukuomba elfu mbili za kumalizia. Ukikutana naye tena mwulize kwa nini yeye mwenyewe anatumia mulika mwizi.

Nenda dukani kwa kampuni yako na kitambulisho, urudishiwe nambari yako kwenye laini mpya. Ukiingiza WhatsApp kwenye simu nyingine kwa nambari hiyo, ile ya mwizi inajifunga. Weka na ile nambari ya siri ya tarakimu sita ya WhatsApp. Kisha waandikie wateja wako kwamba wasitume pesa.

Simu ijayo usiipokee dukani ukaanza na picha ya DP. Mimi nawaambia haya lakini mganga hajigangi: miaka michache nyuma nilipokonywa yangu Ngara, mchana kweupe, mimi fundi. Nilikuwa nimezima lokesheni kuokoa betri na data kuokoa bando. Nilifungua ramani mbele ya mafundi wenzangu na haikuonyesha chochote. Walinicheka hadi Krismasi. Siku hizi bando langu la mwezi naliona kama kodi ya nyumba. Habari njema kidogo: tangu 2024 Google imeunganisha simu za Android ziwe zinasikilizana kwa Bluetooth, ili simu isiyo na data iweze kuonekana kupitia simu za wapita njia. Ingia mipangilio ya Find Hub uhakikishe imewashwa. Katikati ya jiji, kwa umati ule wa Tom Mboya, ina nafasi nzuri ya kufanya kazi.

Na kwa ule mkono wa dirishani: kwenye mipangilio, sehemu ya Google, tafuta ulinzi dhidi ya wizi. Simu nyingi kuanzia Android 10 sasa zinaweza kuhisi mtikisiko wa kunyakuliwa na kujifunga zenyewe. Si kila mara zinahisi. Hapo hapo kuna kufunga kutoka mbali kwa nambari ya simu tu, kupitia android.com/lock, bila nenosiri, ila lazima uwe umeiwasha kabla. Zuia pia lile pazia la juu lisivutwe simu ikiwa imefungwa kama simu yako inaruhusu, maana kitu cha kwanza mwizi anachokigusa ni alama ya ndege, ile ya kukata mtandao. Laini nayo iwekee nambari ya siri, isije ikachomolewa na kutiwa kwenye simu nyingine. Halafu Google hutoa misimbo kumi ya akiba, kila mmoja tarakimu nane. Iandike kwenye karatasi uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu siku ya siku Google inaweza kukuambia imetuma msimbo wa kukuthibitisha kwenye simu yako. Ile ile iliyoibwa.

Fundi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nimeibiwa iPhone kwenye sherehe. Niliiweka ile hali ya kupotea. Siku ya nne nikapata meseji kwa Kiingereza kizuri kwamba iPhone yangu imepatikana, nibonyeze linki nione ilipo. Nikabonyeza, ikataka nenosiri la Apple, nikasita. Halafu mtu akanipigia na kusema yeye ni fundi, simu iko kwake, niiondoe tu kwenye akaunti ndipo aweze kuiwasha anirudishie. Nifanye? — Mwanafunzi, Kahawa Sukari

Marahaba. Ulisita, na kusita huko ndiko kumeiacha simu yako ikiwa mali yako.

Tangu 2013 simu za Apple zina kufuli inayofungamana na akaunti ya mwenyewe. Hata ikifutwa kila kitu, ikiwashwa upya inauliza akaunti yako na nenosiri lako. Bila hayo, mwizi ana kioo, kamera na betri za kuuza kama vipuri. Ikifunguliwa, ana simu nzima. Kati ya bei hizo mbili ndipo anapotoa nguvu za kukuandikia Kiingereza kizuri. Kufuli hiyo mwizi hawezi kuiondoa bila mwenye akaunti, na ndiye anayepigiwa simu.

Unajiuliza nambari yako waliipata wapi? Uliwapa mwenyewe. Uliiandika kwenye ujumbe wa kwenye skrini ulipoweka hali ya kupotea. Hukukosea, mwokotaji mwema angeipataje? Ila siku nyingine weka nambari ya mtu mwingine wa nyumbani, umwonye mapema, kisha kila meseji yenye linki inayofika kwake mtajua imetoka wapi. Ukitaka kuiona simu yako, andika icloud.com/find kwa mkono wako mwenyewe. Linki ya kuletewa usiibonyeze hata ikiandikwa kwa Kiswahili sanifu.

Huyo "fundi" mwambie hivi: mimi ni fundi pia, na simu ya mteja huirudisha ikiwa imezimwa, imefungwa, hata imekufa. Haihitaji kuwaka ndipo irudi. Mwambie aikabidhi kituo cha polisi chochote, wewe utaichukua na OB yako. Halafu angalia kama atapiga tena. Hata ukiamua kuifuta kutoka mbali, ifute lakini usiiondoe kwenye akaunti. Ni vitufe viwili tofauti, na cha pili ndicho wanachokiombea usiku na mchana.

Ukipata nyingine, washa ule ulinzi wa simu iliyoibwa uliokuja na iOS 17.3, Januari 2024. Mtu akiijua nambari ya skrini yako, akiwa mbali na nyumbani kwako au mahali unapozoea, hawezi kubadilisha nenosiri la Apple bila uso wako au kidole chako, na hata hapo anasubirishwa saa nzima. Kwenye sherehe watu huangalia vidole vyako vikiandika nambari. Najua hukuwaona.

Dada, nilinunua simu kwa mtu stejini KSh 6,500, ikafanya kazi wiki mbili vizuri. Juzi ikajizima, kuwaka inataka akaunti ya Google ya mtu nisiyemjua. Nasikia wewe unaweza kuifungua. Unachukua pesa ngapi? — Mwendesha boda, Githurai

Sichukui, kaka, kwa sababu sifungui.

Haikujizima. Ilipata mtandao, na mwenyewe alikuwa ameshatuma amri ya kuifuta. Ndiyo ile amri inayosubiri niliyomweleza msusi wa Kenyatta Market hapo juu. Tangu 2015 simu za Android zikifutwa kwa njia hiyo zinadai akaunti ya awali kabla ya kuwaka. Wapo watakaokufungulia, sikatai, na wapo wanaobadilisha hata IMEI. Mimi nina meza moja na jina moja.

Lakini ufikirie jambo hili. Wiki mbili hizo uliingiza laini yako, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mpelelezi akiomba taarifa za IMEI hiyo, jina linalotoka ni lako. La yule wa stejini halitoki, na huenda hata uso wake hutaukumbuka. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kupokea mali ya wizi, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Kwa simu ya KSh 6,500. Ipeleke kituoni wewe mwenyewe, ukiandamana na mtu, ueleze ulivyoinunua. Ukiwa na meseji ya M-Pesa uliyomlipia muuzaji, hiyo ni dhahabu, ina jina lake. Ulilipa taslimu? Basi nenda hivyo hivyo, na mapema.

Ukinunua ya mkono wa pili tena, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake na kuifuta simu mbele yako, kisha muiwashe pamoja hadi mwisho. Bonyeza *#06# ulinganishe na boksi. Akisema boksi liko ushago, muache alifuate.

Fundi, simu yangu haijaibwa, iko ndani ya nyumba, nimeinyamazisha na siioni tangu jana. Mume wangu anacheka. — Mama wa Buruburu

Chukua simu ya huyo anayecheka, ingia android.com/find kwa akaunti yako, gusa sehemu ya kuipigisha mlio. Italia kwa sauti ya juu kabisa dakika tano nzima hata kama imenyamazishwa, mradi betri haijaisha na ina mtandao. Wa mwisho aliyeniuliza swali lako aliikuta ndani ya ndoo ya mchele. Anza jikoni.